Densi ya tumbo kwa muziki wa blues: wajuzi wa nyonga na wajuzi wa gitaa, naomba msaada

#1 BintiChumbageni

Wakuu, habari za wikiendi. Mimi ni msomaji wa kimya wa jukwaa hili miaka mingi. Leo nafungua uzi kwa sababu nimekwama, na huku nilipo sina wa kumuuliza kwa lugha inayonitoka vizuri.

Niko Chicago mwaka wa sita. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, zamu za usiku. Miaka minne iliyopita mgongo ulianza kunisumbua kwa kunyanyua wagonjwa, mwenzangu wa kazini akanivuta kwenye darasa la densi ya tumbo. Nilienda kwa ajili ya mgongo, nikabaki kwa ajili ya ngoma.

Kila mwaka darasa letu lina onyesho dogo, watu kama 80 hivi, ndugu na majirani. Mwaka huu mwalimu katoa sharti: hakuna muziki wa Kiarabu. Kila mtu achague muziki mwingine, ijulikane kama alichojifunza ni densi au ni kukariri nyimbo. Mmoja kachukua tango. Mimi kwa kiherehere changu nikasema blues, tena si ya kwenye spika. Kuna babu jirani yangu anapiga gitaa, ana mwenzake wa besi na mwingine wa ngoma, watapiga palepale.

Jumamosi tumefanya mazoezi ya kwanza. Aibu tupu. Muziki ni wa polepole kuliko nilivyodhani, nikawa najaza kila upenyo. Gitaa likilia natikisa, ngoma ikigonga natikisa, mtu akikohoa natikisa. Mwalimu akasema nacheza kama mtu anayefukuza nzi.

Hilo nililimeza. Lililoniuma ni hili: kuna mahali bendi nzima inanyamaza ghafla, anabaki babu anaimba peke yake. Nami nikasimama. Mkanda wangu haukusimama. Wanaoujua mkanda wa sarafu wananielewa, vile visarafu viliendelea chwa chwa chwa kama mtu anayetafuta nauli kwenye pochi. Babu alicheka mpaka akavua kofia.

Nina wiki tano. Mwenye nondo ashushe.

#2 KiunoHakinaMfupa

Naweka kambi hapa. Hema lipo, maji yapo, karanga zipo. Picha zinaanza lini?

#3 Mchuuzi wa Makorora

Sasa dada, densi ya Waarabu, muziki wa Wamarekani weusi, mchezaji Mdigo wa Tanga. Si ndiyo yale ya kutia sukari kwenye supu ya pweza? Cheza taarabu yako, ueleweke.

#4 BintiChumbageni

Mchuuzi, mimi Mbondei, ila tusigombane kwa hilo.

Taarabu naipenda. Lakini blues na densi ya tumbo si wageni kwa mji huu. Mwaka 1893 hapa Chicago kulifanyika maonyesho makubwa ya dunia, kuanzia Mei hadi mwisho wa Oktoba. Pembeni kulikuwa na ukanda wa starehe unaoitwa Midway Plaisance. Lile gurudumu la kwanza la Ferris lilikuwa hapo, na hapohapo wakajenga mtaa wa kuigiza wa Cairo, wenye ngamia, punda, maduka na wachezaji. Wamarekani wengi ndipo walipoona kiuno kinazungushwa kwa mara ya kwanza. Aliyesimamia burudani za ukanda ule ni kijana wa miaka 23, Sol Bloom, ambaye baadaye akawa mbunge wa kutoka New York. Yeye aliitangaza ngoma ile kwa jina la Kifaransa lenye maana ya densi ya tumbo, akijua fika kwamba neno tumbo litawashtua watu, na aliyeshtuka hununua tiketi. Wamisri wenyewe wanaiita raksi sharki, densi ya mashariki, hawana habari na tumbo.

Maonyesho yalipofungwa, vikundi vya kuzunguka na sarakasi vikaiiga ile ngoma, na mtaani ikaitwa huchi-kuchi. Sasa hesabu miaka 61. Januari 1954, Chicago hiihii, Muddy Waters, muimbaji wa blues, anarekodi Hoochie Coochie Man, utunzi wa Willie Dixon. Nyumba aliyoishi Muddy tangu mwaka huo iko barabara ya Lake Park, kama kilomita 3 kaskazini ya Midway. Jumapili moja nilitoka zamu nikatembea kwa miguu kutoka huku hadi kule. Pale palipokuwa Cairo leo ni majani tu, watu wanatembeza mbwa.

Kwa hiyo sukari na supu vilishapikwa chungu kimoja kabla sijazaliwa.

#5 Tozo ya Mwisho

Chai hii. Andazi liko wapi?

#6 Mpekuzi wa Kale

Si chai, ila inataka kuchujwa kidogo.

Utasikia watu wanasema mchezaji wa 1893 aliitwa Little Egypt, kama vile alikuwa mtu mmoja. Jina hilo lilibebwa na wengi. Yupo Ashea Wabe, aliyepata umaarufu mwaka 1896 baada ya polisi kuvamia karamu ya matajiri New York alikoalikwa kucheza. Yupo pia Fahreda Mazar Spyropoulos, aliyeshikilia kwamba wa Chicago ni yeye. Jina liliuza, basi kila mwenye hema lake akawa na Little Egypt wake.

La pili, huyohuyo Bloom ndiye aliyedai kubuni kwenye piano ule muziki wa mchezesha nyoka unaousikia kwenye katuni kila anapotokea Mwarabu na zumari. Watu wanadhani umetoka jangwani.

La tatu, dada, kwenye wimbo wa Muddy neno limeshahama nyumba. Halizungumzii tena densi. Anayeimba ni mwanamume anayejitapa kwa hirizi zake, mfupa wa paka mweusi na mizizi, na alitabiriwa kabla hajazaliwa. Ukiuchezea huo jua unacheza majigambo ya mwanamume, usitoke na sura ya bibi harusi.

Kuna jambo jingine kubwa zaidi ya Midway. Wengi waliopelekwa utumwani Marekani walitoka Senegambia na Saheli, na kati yao walikuwemo Waislamu. Mwanahistoria Sylviane Diouf amekuwa akiwasikilizisha watu wimbo wa vibarua wa Mississippi na adhana, kimoja baada ya kingine. Namna sauti inavyovutwa, inavyotetemeka na kuteremka, wasikilizaji wanabaki midomo wazi. Nyuzi za blues na nyuzi za mashariki zilikuwa na ujamaa kabla ya ngamia wa Bloom kuletwa.

#7 Msema Kweli Daima

Adhana iacheni nje ya uzi wa viuno tafadhali.

#8 FundiNyuzi

Naunga mkono #7, tuzungumze gitaa. Mimi napiga kwenye bendi ya hoteli Arusha, blues tunaipiga wageni wakishazidiwa na Malaika.

Dada, tatizo lako la nzi ni la hesabu. Blues ya kawaida ina baa 12 (si za bia). Ichukulie kama nyumba ya vyumba 12, kila chumba kina mapigo 4. Vyumba 4 vya kwanza uko nyumbani, kodi ya kwanza, yaani kundi la sauti za gitaa zinazopigwa pamoja. Cha 5 na cha 6 unakwenda kwa jirani, cha 7 na cha 8 umerudi. Cha 9 ndiyo safari ya mbali, cha 10 uko njiani unarudi, 11 na 12 umefika. Kisha unaanza upya. Kodi tatu tu, wala TRA hawahusiki. Na maneno yanakwenda hivyohivyo: muimbaji anasema jambo, anarudia lilelile, halafu anatoa jibu.

Kwa mwendo wa pigo moja kwa sekunde, mzunguko mzima ni sekunde 48. Mizunguko mitano ni dakika 4 kamili. Wewe umekuwa ukicheza sekunde moja moja. Cheza sekunde 48. Msemo wa kwanza mpe nyonga ya kulia. Akirudia, mpe ileile, usibadilishe, mtu anaona utamu wa kurudiwa. Kwenye jibu ndipo ufungue mikono.

Halafu sikiliza ndani ya pigo. Blues ya polepole kila pigo lina vitatu ndani yake: MO-ja-na, MBI-li-na. Ukitikisa kwa vinne kama ulivyozoea kwenye nyimbo za Misri, utagombana na ngoma usiku kucha. Ukiwa na zile sagati, visahani vya vidoleni, lile pigo lenu la kulia-kushoto-kulia lina vitatu tayari, lilegeze tu. Ila usizipige mwanzo hadi mwisho, utamuudhi babu.

Onyo moja. Wazee wa blues hesabu hii wanaijua lakini hawaitii. John Lee Hooker alikuwa anabadilisha kodi pale roho yake ilipopenda, wapigaji wenzake wakawa wanamwangalia mguu. Na wewe mwangalie babu mguu.

#9 KiunoHakinaMfupa

Nilikuja kwa picha, naondoka na hesabu za darasa la sita.

#10 BiMkubwa wa Kuze

Mwanangu, mie niko Mombasa, hizo blues zenu sizijui. Nimemwambia mjukuu aniwekee moja hapa simuni, nimesikiza mara tatu.

Huyo fundi asema vitatu ndani ya pigo. Sasa chakacha ni nini? Chakacha yaenda kwa sita, tatu na tatu, tangu sisi wasichana. Wewe umetoka Tanga, harusini hukuchezeshwa? Ulikuwa nacho nyumbani ukaenda kukitafuta ng'ambo.

Sikiza nikwambie tulivyofunzwa. Kiuno hakitangulii ngoma. Ngoma ipige kwanza, wewe uisikie, halafu ndio ukate. Mwenye haraka yuaonekana mgeni. Mama yangu akituambia, mwacheni mpigaji akungoje yeye, wewe usimkimbilie. Huo muziki niliousikia hapa nao ni wa watu wasio haraka, walia huku wamekaa.

Na hilo la sarafu lanishangaza. Sarafu za nini? Jifunge kibwebwe! Leso moja ikunje mara mbili, ikaze chini ya mfupa wa nyonga, fundo liwe ubavuni. Kiuno chaonekana vizuri, na ukisimama kimesimama. Leso haipigi kelele.

#11 BintiChumbageni

Shikamoo Bi Mkubwa. Nimesoma nikiwa kwenye basi nikacheka peke yangu, watu wakahama kiti. Miaka minne nanunua mikanda ya dola 40 na khanga ninazo kumi ndani ya sanduku.

#12 BiMkubwa wa Kuze

Marahaba mwanangu.

#13 Fidla ya Maskati

Nimezaliwa Unguja, naishi Maskati, nimewahi kukaa Cairo miaka mitatu nikijifunza fidla. Niongeze kitu ambacho mwalimu wa dada lazima anakijua.

Wamisri wana muziki wanauita baladi, yaani wa kwetu, wa nyumbani. Ni wa watu waliotoka vijijini, wa delta ya Nile na wa kusini, wakahamia Cairo kutafuta maisha. Walibeba nyimbo za shamba, wakakuta mjini kuna akodiani, wakairekebisha itoe zile sauti za katikati ambazo piano haina. Muddy Waters naye alitoka Mississippi, sehemu wanayoiita Delta, akafika Chicago mwaka 1943, akachomeka gitaa kwenye umeme kwa sababu kelele za baa zilimzidi. Delta mbili, miji miwili. Wachezaji wa Ulaya na Marekani wana mazoea ya kuiita baladi blues ya Wamisri, na mimi, ambaye huwa sipendi mifano ya watalii, huo naukubali.

Tena angalia ilivyopangwa. Baladi haianzi na ngoma. Akodiani inafungua peke yake, taksimu ileile tunayoijua kwenye taarabu. Mchezaji yuko palepale aliposimama, hazunguki ukumbi, anazungusha nyonga kama anakoroga uji mzito. Kisha dumbak inaingia kwa kujibizana: akodiani inauliza, dumbak inajibu. Mbio zinakuja mwisho kabisa. Ukifanya hivyo kwa gitaa la babu, umefika.

Na ile sauti babu anayoivuta kwa kidole, uzi ukapinda, isiwe ya furaha wala ya huzuni, sisi tunaipata kwenye maqam ya rast, moja ya ngazi za sauti za Kiarabu. Sauti ya tatu inakaa mahali ambapo piano haina kitufe. Hapo usipige nyonga. Hapo ni pa wimbi la tumbo, kutoka juu kwenda chini, taratibu.

#14 FundiNyuzi

Huyu bwana wa Maskati amenimaliza. Na nyongeza: mtunzi W.C. Handy alipochapisha St. Louis Blues mwaka 1914 alitia katikati kipande chenye mdundo wa habanera wa Cuba. Ukiupiga mkononi unakaribiana sana na malfuf yenu ya Kiarabu, tatu, tatu, mbili. Nimejaribu sasa hivi mezani, mke wangu anauliza nimekuwaje.

#15 Msema Kweli Daima

Dada yangu, sikuhukumu. Lakini kumbuka ulikotoka. Kiuno cha mwanamke wa pwani si cha kuonyeshwa wanaume 80 kwenye baa. Wazee wetu walicheza ndani, wanawake kwa wanawake.

#16 Mchuuzi wa Makorora

Huyu naye. Vigodoro vya uswahilini vinafanyika barabarani mpaka saa kumi alfajiri, viuno vinaonekana hadi na bodaboda, hujawahi kuandika hata mstari. Leo mtu yuko Chicago ndiyo umekumbuka wazee.

#17 BiMkubwa wa Kuze

Mwacheni, ana haki ya kusema. Ni kweli chakacha yetu ilikuwa ya wanawake watupu, mlango umefungwa, na mwanamume akichungulia alimwagiwa maji. Sasa yachezwa mahotelini mbele ya watalii, na mie sikuipenda ilipoanza. Lakini mtoto huyu hakuuliza kama acheze. Ameuliza kiuno kikae wapi.

#18 BintiChumbageni

Kaka Msema Kweli, nimekusikia na sina ugomvi. Si baa, ni ukumbi wa jumuiya wenye viti vya plastiki, na nusu ya watu ni wazee ninaowahudumia. Nitavaa gauni refu la baladi, limeshonwa limefunika tumbo na miguu. Wamisri wa mtaani ndivyo wanavyovaa kwa muziki huu, lile vazi la vipande viwili ni la jukwaani na la sinema.

Mazoezi ya pili yamekwenda vizuri kidogo. Nimeacha kuhesabu mapigo, nahesabu vyumba. Bado nakimbilia chumba cha 9, sijui kuna nini huko. Shela nimeiacha, inapepea kwa kasi isiyo ya muziki huu. Hoochie Coochie Man nao tumeuacha, babu kasema kila harusi anaombwa huo, amechoka. Atapiga blues yake mwenyewe isiyo na jina.

Swali moja limebaki. Bendi inaponyamaza nifanye nini? Mwalimu anasema nisimame kama sanamu. Mwenzangu wa darasa anasema nipige nyonga moja kali kila bendi inapogonga kabla ya kunyamaza.

#19 FundiNyuzi

Piga nyonga pamoja na bendi. Ule mpigo wa pamoja ndio raha yenyewe.

#20 Fidla ya Maskati

Mara ya kwanza tu. Mara ya pili watu wanaujua, ukiupiga tena unawaeleza kichekesho walichokwisha kucheka. Wewe baki na sauti ya muimbaji.

#21 BiMkubwa wa Kuze

Pumua. Mbona mwafanya kama kunyamaza ni shimo la kurukwa. Pumua, na tumbo lipumue nawe. Wakikuangalia, wakuangalie.

#22 KiunoHakinaMfupa

Dada rudi na mrejesho. Kambi imeisha karanga.

#23 BintiChumbageni

MREJESHO.

Samahani kwa kuchelewa, onyesho lilikuwa Jumamosi, Jumapili nililala, Jumatatu nilikuwa zamu.

Nilifunga kibwebwe. Nilitafuta kwenye sanduku khanga isiyochuja rangi, nikaangukia ile ya MTASEMA MCHANA USIKU MTALALA. Sikuichagua kwa ajili ya mtu yeyote wa humu, naapa. Maandishi yakakaa nyuma, yamekunjwa nusu.

Gitaa likafungua peke yake, nikafanya kama bwana wa Maskati alivyosema, uji mzito, miguu palepale. Mzunguko wa kwanza nilisikia mtu anafungua pipi, kimya kilivyokuwa. Wa pili besi ikaingia, nikasikia vitatu vya fundi ndani ya pigo, na hapo miguu ikaingia chakacha yenyewe, sikuituma. Mwalimu wangu aliniuliza baadaye ile hatua nimeitoa darasa la nani.

Makosa yapo. Kwenye mzunguko wa tatu nilianza mikono mapema nikabaki nimeinyanyua kama mtu wa trafiki. Sagati nilizipiga sehemu moja tu, kidole cha kushoto kikateleza, nikaacha.

Kisha bendi ikanyamaza. Mazoezini babu alikuwa anakaa kimya chumba kimoja, anaimba mstari, wanarudi. Safari hii aliimba mstari, akanitazama, hakurudi. Nikamwangalia mguu kama nilivyoagizwa na fundi. Mguu hauendi. Wa ngoma ameinua vijiti juu, naye anamtazama babu. Kama ningekuwa na mkanda wa sarafu, wallahi ningekufa pale. Nikapumua. Tumbo likashuka polepole ndani ya gauni, kibwebwe kimetulia, sikusikia chochote zaidi ya feni la ukumbi. Mzee mmoja wa pale kazini, ambaye kwa kawaida hasemi na mtu, akatoa sauti, ile "mmmh" ya kanisani. Babu akacheka, akapiga gitaa, tukarudi wote kwa pamoja.

Nikigeuka kutoka, nyuma kabisa mwanamke mmoja akaangua kicheko peke yake na kupiga kigelegele. Mama mmoja kutoka Bujumbura, binti yake anasoma na mwalimu wetu. Alikuwa amesoma khanga.

#24 Mchuuzi wa Makorora

Supu ya pweza na sukari. Nimenyamaza.

#25 KiunoHakinaMfupa

Video?

#26 BintiChumbageni

Hakuna. Mwalimu alikusanya simu mlangoni.

#27 FundiNyuzi

Hongera sana dada. Nisaidie jambo moja la kitaalamu: ule mzunguko wa kunyamaza ulikuwa na baa ngapi?

#28 BintiChumbageni

Nimemuuliza babu jana tukiwa kwenye ngazi. Anasema 12. Mimi nilihesabu 13 na nusu.